Jikoni Kuna Mlima

Sufuria la maharage la shule yetu ya bweni halibebwi na mtu mmoja. Hata mwanamume aliyezoea magunia, ukimwambia alitoe peke yake mekoni alifikishe kwenye meza ya kugawia, atakutazama kama umemtukania mama yake. Lina masikio mawili, na kila sikio lina mwenyewe. La kushoto ni langu. La kulia ni la wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu. Mrefu, mwenye maneno, na asiyekubali kushindwa hata akiwa ameshindwa. Mimi ni mfupi na hasira zangu ziko karibu. Mume wangu husema zinakaa mlangoni zikiwa zimeshavaa viatu. Miaka yote tumebeba sufuria lile tukigombana njia nzima, kuhusu chumvi, kuhusu kaka yake, kuhusu sweta langu aliloliazima likageuka lake. Midomo ikigombana, miguu ilikuwa inasikilizana. "Nje," anasema yeye, tunatoa miguu ya nje. "Ndani," nasema mimi, inafuata miguu iliyo upande wa sufuria. Baada ya hatua chache hatusemi tena, miguu yenyewe inajua. Maharage yanayochemka hayana undugu na mtu, mkikosana hatua yanaruka ukingo na kukuunguza. Mwanzoni yalituruka sana, kwa sababu yeye ni twiga na mimi ni bata. Kisha yakaacha. Nani alifupisha hatua na nani alirefusha, sikuwahi kujiuliza.

Halafu lori la mchanga likarudi nyuma bila dereva kuangalia, likambana wifi ukutani. Mguu wake wa kushoto ukakatwa juu ya goti. Nitasema hayo tu, maana machozi ya siku zile nilishayalia na sina haja ya kuyapasha moto.

Kigutu kilipopona alipelekwa kwa fundi wa miguu bandia, mwanamume mpole mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Karakana yake iko nyuma ya hospitali. Ukutani zimepangwa nyayo za mpira, za kulia na za kushoto, kubwa na za watoto. Mara ya kwanza kuziona nilitaka kutoka nje. Wifi yeye alizipitia moja moja kama yuko dukani, akauliza kama zipo zenye vidole vizuri zaidi.

Kabla ya siku ya kujaribu mguu, Fundi alimpigia simu. "Mama, njoo na viatu unavyovaa siku zote, maana mguu tunaujengea juu ya kiatu."

Sasa, kwetu kwenda hospitali ni kutoka. Huendi mbele ya madaktari na raba za jikoni zenye masizi, watakuandikia dawa ya umaskini kabla hawajakuuliza unaumwa nini. Wifi akavuta boksi lililo chini ya kitanda chake, akatoa viatu vyake vyeusi vya kutokea, vile vya harusi na misiba, vyenye kisigino cha vidole viwili. Kiatu cha kulia akavaa, cha kushoto akabeba mkononi. Nilimwambia amependeza, na kweli alipendeza. Fundi naye akavisifu, akauvisha mguu kile cha kushoto, akaanza kazi.

Mguu wenyewe ulikuwa hivi: juu kikombe kigumu kinachomeza kigutu, katikati goti la chuma, chini bomba, na mwisho wake unyayo wa mpira. Nililizunguka lile goti kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Lina msuli?" nilimuuliza Fundi.

"Halina."

"Waya? Betri?"

"Halina kitu, mama. Ni bawaba tu, kama ya mlango."

"Basi akilikanyaga, nani analizuia lisikunjike akaanguka?"

"Uzito wake mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Akachukua uzi, akaufunga nati upande mmoja, akauning'iniza kutoka kwenye nyonga ya wifi akiwa amesimama kati ya mabomba mawili ya kushikilia. Uzi ukashuka ukapita mbele kidogo ya goti la chuma. "Uzito unapita hapa," akasema. "Ukipita mbele ya goti, unalinyoosha. Mwili ukisogea ukapita juu ya vidole, goti linaanza kujilegeza lenyewe, linakunjika na kuruka mbele. Likitua, mama anabana paja nyuma kidogo, linanyooka tena. Hakuna anayeliamuru. Linatii mahali uzito ulipo."

"Na kati ya kunyooka na kukunjika pana nafasi gani?"

Akanionyesha kidole chake cha shahada, akakilaza ubavu. Unene wa kidole. Mtu mzima mwenye kilo zake, mume wake na madeni yake ya maneno, anasimama au anaanguka kwa unene wa kidole! Nikatazama magoti yangu mawili chini ya sketi. Nimetembea nayo tangu utotoni na sikuwahi kuyauliza yanafanyaje. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyekaa na mgeni mkubwa nyumbani bila kumpa kiti.

"Kutembea ni kuanguka," Fundi aliendelea. Alipenda kazi yake, ukimgusa tu anamwagika. "Unajiangusha mbele, mguu unawahi unakudaka. Unajiangusha tena, mwingine unakudaka."

"Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele," wifi akamjibu.

"Wahenga wako sahihi, mama. Ila na kwenda mbele kwenyewe ni kuanguka."

Siku ile njiani kurudi nilijaribu kusimama ghafla katikati ya hatua, nione kama ni kweli. Nikayumba nikamshika bega mwanamume nisiyemjua. Ni kweli.

Baada ya wiki kadhaa wifi alikuwa anatembea kwenye korido ya hospitali bila kushika kitu. Sijui nisemeje. Mguu usio na damu ulikwenda mbele, ukanyooka, ukatua kwa kisigino, ukambeba, ukakunjika ukaondoka tena, na yeye juu yake kichwa wima, viatu vya kutokea vikigonga sakafu. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote kumtazama. Nililia hadharani, na mimi si mtu wa kulia hadharani. Wifi akaniambia niache kumtia aibu, watu watadhani amekufa.

Shule ilikuwa imefungwa, ikikaribia kufunguliwa. Tukaenda kwa msimamizi wa jiko, mwanamke tunayemwita Kijiko kwa sababu hatembei bila kijiko chake cha kuonjea mfukoni. Si mtu mbaya. Alimkumbatia wifi, akamzunguka, akamsifu. Kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Kazi ipo. Utakaa mezani uchambue maharage na mchele. Lakini sufuria, hapana."

"Sufuria ndiyo kazi yangu," wifi alisema.

"Watoto wanapanga foleni pale pembeni. Siwezi kuweka maharage ya moto mikononi mwa mtu anayeyumba."

"Siyumbi."

"Basi nionyeshe. Kabla shule haijafunguliwa, libebeni mbele yangu likiwa na maji baridi. Yasipomwagika, mtabeba maharage. Yakimwagika, dada yangu, unakaa mezani na tusinuniane."

Kuchambua maharage si kazi ya aibu, nami sikatai. Lakini mlijue jiko letu. Anayebeba sufuria ndiye anayetokea mbele ya ukumbi, watoto wakapiga meza kwa furaha, wakamwita mama. Anayechambua anakaa chumba cha nyuma na ukuta. Wifi hakuzaa. Wale watoto wanaopiga meza ndio waliomfanya aamke kabla ya jogoo miaka yote hiyo. Akilikosa sikio la sufuria, anawakosa wao. Sikuhitaji kuambiwa.

Tukaanza mazoezi jikoni. Alivaa raba zake za kazi za turubai, zile tunazovaa wote, soli bapa kama ubao. Tukajaza sufuria maji hadi alama ya maharage, tukanyanyua.

"Nje," akasema.

"Ndani," nikasema.

Maji yakaruka yakanilowesha kifuani.

Tukajaribu tena, na tena. Yule mwanamke wa korido ya hospitali sikumwona tena. Huyu alikuwa anapanda juu kwenye vidole vya mguu mzima ili auburute ule mwingine, goti la chuma limekaza kama mlango uliovimba, bega linapanda, sikio la sufuria linapanda nalo, maji yanaruka. Nilimpigia kelele. Naye alinipigia kelele. Tukapiga deki jiko lote kwa maji yetu wenyewe.

"Wifi," akasema hatimaye, akihema, "jikoni humu kuna mlima."

"Mlima?"

"Nikitoka mekoni kwenda mezani, napanda."

"Basi tuanzie mezani uteremke."

"Nikirudi pia napanda."

Hapo hasira zangu zikatoka mlangoni. Nilichukua kitunguu, nikakiweka katikati ya sakafu ya saruji. Kikatulia. Nikakisogeza kule, kikatulia. "Haya, nionyeshe! Mlima gani unapandwa kwenda na kurudi? Kitunguu hakiuoni, wewe tu ndiye unauona!"

Akakaa kwenye gunia la mchele, akaunyoosha ule mguu mbele yake. "Labda ni woga," akasema kwa sauti ndogo. "Labda hospitali natembea kwa sababu Fundi yupo, na hapa mguu unajua kwamba mimi ni mwoga. Mwambie Kijiko nitachambua."

Nilimpigia simu Fundi papo hapo, maana ningengoja ningelia. Nikamweleza kuhusu maji, bega na woga. Alikuwa anaitikia tu kwa upole, ndiyo mama, pole mama. Mwishoni nikasema, kwa dhihaka, kwamba sasa amezua mlima, tena wa ajabu, unapandwa kwenda na kurudi.

Hapo Fundi akauliza, "Kwenda na kurudi?"

"Ndiyo."

"Amevaa nini miguuni?"

Sikumwelewa. Lakini alikuja, siku ileile, na mkoba wake wa vifaa. Aliingia jikoni, hakutazama sufuria wala sakafu. Alipiga magoti kwenye maji yetu, akaweka vidole viwili chini ya kisigino cha ile raba, kama mtu anayepima nafasi iliyokuwepo ikaondoka. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejishika mwenyewe kosani.

"Mama, nilikuambia uje na viatu vya siku zote."

"Nilikuja navyo."

"Vile ni vya siku zote?"

Wifi akanitazama. Nikamtazama. "Vile ni vya kutokea," nikasema.

"Na mimi nikavisifu," Fundi alisema, akajipiga paji la uso. "Hata mama yangu mwenyewe angekuja vivyo hivyo."

Akatueleza akiwa palepale chini. Mguu wa kuzaliwa ukivua kiatu chenye kisigino, kifundo kinajikunja chenyewe kufidia, mwenye mguu hajui hata kama kuna kazi imefanyika. Mguu bandia hauna kifundo cha namna hiyo. Ulivyojengwa ndivyo ulivyo. Ukiondoa kisigino cha vidole viwili, unyayo unalala chini wote, na bomba lililokuwa wima linalala nyuma, na goti linarudi nyuma ya ule mstari wa uzito. Uzito sasa unapita mbele sana. Unalikaza goti, na goti likikazwa hivyo halikubali kukunjika hadi mwenyewe aupande unyayo wake na kuuvuka.

"Kila hatua unapanda mguu wako mwenyewe," akasema.

"Kwa hiyo mlima upo," wifi akasema.

"Upo, mama. Hauko sakafuni. Uko ndani ya mguu, ndiyo maana unautembeza kila uendako."

Wifi akanigeukia polepole. "Umesikia? Kaokote kitunguu chako."

Nilikiokota. Lakini mawazo yangu hayakuwa kwenye kitunguu. Nilikuwa nafikiria vifundo vyangu viwili. Asubuhi ndala, mchana raba, Jumapili viatu virefu, usiku peku, navyo kila mara vinajirekebisha kimyakimya bila kuomba hata maji. Ni mtumishi gani duniani anafanya kazi hivyo? Nilitamani kuvua raba nivishike.

Fundi alisema angeweza kuweka kabari ndani ya raba kuinua kisigino, ila kwenye sakafu yenye maji kisigino kinaweza kuchomoka, na kwa sufuria la moto hashauri. Njia nzuri ni kuurekebisha mguu wenyewe uifuate raba. Lakini ukiifuata raba, basi viatu vya kutokea vingesukuma goti mbele, lingekunjika ghafla na kumtupa.

"Mguu mmoja hauwezi kuwa wa jikoni na wa kutokea kwa pamoja," alisema. "Uchague, mama."

Wifi na viatu! Ni mtu aliyewahi kuahirisha safari kwa sababu kiatu hakijatoka kwa mshona viatu. Nilitegemea aombe siku ya kufikiri. Hakuomba hata dakika.

"Wa jikoni," akasema. "Harusini watu wanatazama sahani, hawatazami miguu yangu."

Fundi akatoa ufunguo mdogo wenye pembe sita, akalegeza skrubu moja pale bomba linapokutana na unyayo, akakaza iliyo upande wa pili. Mkono wake haukuzunguka hata nusu. Mimi ningekuwa nafunga mfuniko wa chupa ningezungusha zaidi. Wifi akasimama, akaenda hadi mezani, akageuka, akarudi. Goti lilikunjika, likaruka, likanyooka. Akasimama katikati ya jiko ameshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Umeondoka," akasema. "Mlima umeondoka."

Nilikuwa nimeona mtu akiusawazisha mlima kwa ufunguo unaoingia mfukoni.

Kabla hajaondoka Fundi alituomba tubebe, akatutazama kwa mbele. Aliposikia kwamba siku zote wifi hushika kwa mkono wa kushoto, yaani sufuria linakaa upande wa mguu uliokatwa, alifurahi. Mimi ningedhani mzigo uhamie upande mzima. "Hapana," akasema. "Akisimama kwenye mguu bandia, nyonga inataka kudondokea upande wa pili. Mzigo ukiwa huku unaivuta irudi. Sufuria linamsaidia." Hata sufuria, kumbe, lilikuwa linabeba.

Likabaki jambo moja, nalo Fundi alilisema akiwa mlangoni. "Huo mguu hauendeshwi, unasubiriwa. Anaurusha kwa paja, halafu ni lazima angoje ufike na kunyooka kabla hajaukanyaga. Akiuwahi, utakunjika. Msiuharakishe."

Msiuharakishe! Aliyesema hivyo hanijui. Tulifanya mazoezi kila siku, nami kila siku nilimwambia wifi atie bidii, na yeye kila siku akanijibu mwenda pole hajikwai. "Nje," anasema, kisha kimya kidogo, unasikia goti likibofya kwa kunyooka, ndipo "ndani." Nje, kimya, ndani. Maji yalipungua kuruka. Kisha yakawa yanatikisika tu. Nilijua wifi anaimarika, nikajisifu kwamba kelele zangu zimemjenga.

Siku ya jaribio Kijiko alisimama karibu na meza, mikono kifuani. Fundi naye alikuja, alisema hawezi kufanya kazi karakana akijua sisi tuko huku. Tukabeba maji. Sikusema "ndani" hata mara moja, na wifi hakusema "nje". Uso wa yale maji niliutazama njia nzima. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu yake, na haukuvunjika hadi tulipoweka mezani.

Kijiko alitazama sakafu. Ilikuwa kavu.

"Haya, maharage," akasema.

Tukabeba maharage yanayochemka, mvuke ukitupiga usoni. Tukafika. Hakuna tone. Wifi alikuwa anatabasamu kwa meno yote, na mimi nilikuwa tayari kupiga kigelegele, lakini Kijiko akainua kijiko chake kumwelekea wifi.

"Bado. Siku wifi yako akiumwa, utabeba na nani? Nahitaji mtu wa kubeba na yeyote." Akanisogeza pembeni, akashika sikio langu la lile sufuria la maji. "Twende."

Hawakufika mbali. Kijiko ni mwanamke mwenye nguvu na miguu yake yote ni mizima, lakini hatua ya pili tu maji yaliruka yakamlowesha mkono, ya tatu yakamwagika mbele yao. Akasimama, akashangaa. Wifi uso ulimwanguka. Niliona kabisa chumba cha nyuma kikimfungulia mlango.

"Mama," Fundi akasema. Nilidhani anamwita wifi, kumbe ananiita mimi. "Hebu nenda bombani uniletee maji ya kunywa."

"Sasa hivi?"

"Nakuomba."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika. Nikajaza kikombe, nikarudi, nikakuta wote watatu wananitazama miguu.

"Nini?"

Fundi akamgeukia Kijiko. "Ungeniuliza ni nani kati ya hawa wawili nimpeleke karakana, ningesita. Huyu mama anasimama sana kwenye mguu wa kushoto, anangoja, halafu wa kulia anaupita haraka. Wifi yake anafanya hivyohivyo, upande wa pili. Ni mtu na kioo chake. Wewe ulibeba naye kwa miguu mizima, ukamwaga. Huyu anabeba kama aliyekatwa mguu, ilhali hajakatwa."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nachechemea? Mimi!"

Nikaweka kikombe chini kwa kishindo, nikatembea hadi mlangoni kuwaonyesha. Nikasikia raba zangu sakafuni. Ndefu, fupi. Ndefu, fupi. Nikageuka, nikakaza akili, nikajiambia tembea sawa, wewe mwanamke, tembea kama ulivyotembea tangu uzaliwe. Mguu wa kushoto ukatua, ukangoja. Ulikuwa unangoja goti la chuma linyooke, na wifi alikuwa amesimama kule mbali kabisa hajatikisika.

Hakuna aliyecheka. Kijiko alikuwa amekishika kijiko chake mdomoni kama mtoto. Baada ya muda akakirudisha mfukoni.

"Basi sufuria ni lenu," akasema. "Akiumwa mmoja, mnakaa wote nyuma mnachambua, na mimi nitajua la kufanya." Akaondoka haraka, akijifuta mkono uliolowa.

Wifi alikuja hadi nilipo. Nilitegemea utani, nafasi kama ile hakuwahi kuiacha ipite. Lakini alikuwa ananitazama miguu tu.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Hakuna."

"Basi acha. Watu watasema familia nzima imegongwa na lori."

"Siwezi, wifi," nikasema. "Si umeniona nimejaribu sasa hivi? Siwezi."

Akaniwekea mkono begani, uzito wake wote, akalia. Nami nilisimama wima nikimbeba, nikashangaa kwamba sikuyumba. Kisha akajifuta uso kwa aproni yangu, si kwa yake, akaenda kushika upande wake wa sufuria.

"Haya shika," akasema, "maharage yanapoa."